Euphoria Morning ya Chris Cornell, mnaipendea nini hasa?

kijana_wa_njiro

Wakuu habari za wikiendi. Mimi ni mtu wa Soundgarden, bendi ya roki ya Seattle aliyoimbia Cornell, tangu niko sekondari, albamu zao Badmotorfinger na Superunknown nazijua mpaka pale gitaa linapokwaruza, na Audioslave, bendi yake ya baadaye, niliidaka kupitia Like a Stone kama wengi humu. Sasa kila sehemu akitajwa Chris Cornell lazima atokee mtu aseme kasikilize Euphoria Morning, ile solo yake ya kwanza ya 1999, ndo kazi yake bora kuliko zote. Haya, nikaishusha, nikaisikiliza kwenye daladala kwenda na kurudi, usiku nikarudia na hedifoni nikiwa nimezima taa ili nisiseme sikuipa nafasi.

Aisee mbona ile sauti ya kupasua mabati haipo? Nimeenda nikitegemea pilipili nimeletewa uji. Vinanda, gitaa la taratibu, jamaa anaimba chinichini kama hataki kumuamsha mtoto, sehemu zingine inakuwa ki-Beatles Beatles hivi. Sisemi ni mbaya, Can't Change Me nimeielewa mara ya kwanza tu na Mission ina nguvu kidogo, ila zingine zinapita hata sijui imeisha ipi imeanza ipi.

Sasa naomba mniambie bila kunionea haya, mnaipendea nini? Ni masikio yangu au ndo ile ya mtu akishafariki kila alichogusa kinakuwa dhahabu? Halafu naona kuna nyingine imeandikwa Euphoria Mourning, yenye u, hiyo ni albamu tofauti au kuna mtu kakosea kuandika? Na nikitoka hapa niende ipi, maana naona kuna Carry On, kuna Scream, kuna Higher Truth.

mzee_wa_kaseti

Karibu mkuu, swali zuri, tena limeulizwa kiungwana, wengine wakija humu wanaanza na matusi.

Hiyo u sio kosa la mtu. Cornell mwenyewe alieleza kwamba jina alilotaka tangu mwanzo ni Mourning, maombolezo, manager wake wa kipindi hicho akamwambia u ikitoka jina linapendeza zaidi, jamaa akakubali halafu ikamkaa rohoni miaka yote. Agosti 2015 albamu ilipotolewa upya, na kwenye santuri pia, akairudishia u yake. Nyimbo ni zilezile 12, kwa hiyo usilipie mara mbili. Ila jina lina maana kwa swali lako, manake ukisoma Morning unadhani huyu kaachana na bendi, yuko huru, kaamka na jua. Wapi! Soundgarden ilivunjika Aprili 1997, ndoa ilikuwa inayumba, na pombe alikuwa anaipiga kupita kiasi, hayo aliyasema yeye mwenyewe baadaye bila kuficha kitu. Albamu ya mtu aliye katika hali hiyo ukiitegemea ikupe kelele za Rusty Cage ya Soundgarden utakesha.

La pili, kuhusu hivyo vinanda. Cornell hakuingia studio na prodyuza wa kulipwa na wapigaji wa kukodi. Alienda kwa rafiki zake wawili, Alain Johannes na Natasha Shneider, wenye bendi inaitwa Eleven, ambao walikuwa wapenzi na walikuwa na studio nyumbani kwao Los Angeles. Johannes kazaliwa Chile, Natasha kazaliwa Riga enzi za Sovieti, na kinanda alikuwa anakipiga kama mtu aliyekalishwa mbele yake tangu mdogo. Eleven walishawahi kuzunguka na Soundgarden kwenye ziara, kwahiyo walikuwa wanajuana vizuri. Hao wawili ndo walioprodyuzi pamoja naye na baadhi ya nyimbo wameandika pamoja. Ukiskia zile kodi (chords) za ajabu ajabu zinazopinda pale ambapo hutegemei, kwenye Pillow of Your Bones au Follow My Way, hao hapo.

Kwa kifupi unamtafuta Kim Thayil kwenye nyumba ambayo hayupo. Uzito wa Soundgarden nusu yake ulikuwa gitaa la Thayil na besi ya Ben Shepherd, watu wakamkumbuka Cornell tu kwa sababu yeye ndo alikuwa na mdomo na nywele. Hii albamu imeliondoa gitaa la Thayil, ukabaki utunzi. Mimi naipendea hapo, unaona jamaa alikuwa fundi wa kutunga wimbo, sio fundi wa kupiga kelele tu.

besi_ya_rongai

Maze mimi nasimama na mwenye swali. Nimeipa hii album nafasi nyingi kuliko inavyostahili na bado naona watu wanaikuza. Nyimbo nne za kwanza ni moto, sikatai, hata tano ukiweka When I'm Down, halafu kutoka Moonchild kushuka inaanza kulala, Disappearing One ikiisha husemi "rudisha", unasema "kumbe bado ziko". Pillow of Your Bones inakuja kuokoa jahazi karibu na mwisho na by then ushaanza kujibu meseji.

Na hiyo story ya utunzi, msee, utunzi wake tulikuwa tushauona. Black Hole Sun ni yeye peke yake aliiandika. Fell on Black Days ni yeye. Seasons, ile ya gitaa tupu kwenye soundtrack ya filamu ya Singles 1992, ni yeye. Kwahiyo sio eti mpaka Soundgarden ife ndo tujue jamaa anaweza kuandika. Tofauti ni kwamba ndani ya bendi kulikuwa na watu watatu wa kumwambia "hii bado, irudie". Hapa kila mtu alikuwa anampenda.

Redio ya roki tuliyokuwa nayo hapa Nairobi ilikuwa inatupigia Soundgarden na Audioslave asubuhi mpaka usiku, hii ya katikati sikumbuki kuiskia hata siku moja. Mimi niliijua kwa flash ya cousin.

alto_wa_kwaya

Jamani nami niseme, japo najua humu wengi ni wapenzi wa gitaa. Mimi naimba kwaya miaka mingi, sauti ya pili, na hii albamu nimeisikiliza kama muimbaji.

Kaka wa Njiro unasema sauti ya kupasua mabati haipo. Ipo, amekaa nayo. Kupiga kelele juu kule kwa mwanaume mwenye kifua kama kile sio jambo gumu kama mnavyodhani, gumu ni kuimba chini, taratibu, pumzi ndefu, na sauti isitetereke wala isiwe bapa. Sikiliza Sweet Euphoria, ni yeye na gitaa, hakuna pa kujificha, hakuna drams za kumfunika akikosea. Halafu nenda Preaching the End of the World, ile hadithi ya kijana wa miaka 24 anayetafuta mtu wa kukaa naye tu dunia ikiwa inaisha, anaanza kama anaongea na simu, anapanda kidogokidogo, ikifika mwisho amefika juu kabisa na wewe hukuona amepita ngazi gani. Mwalimu wetu wa kwaya angempigia makofi, na yule hapigi makofi ovyo.

Na When I'm Down, hapo ndo ninapowashangaa mnaosema inapita tu. Ule ni wimbo wa kilabu cha usiku wa manane, kinanda cha Natasha kinatangulia peke yake na kaka anaingia kama amechelewa makusudi. Mnajua Natasha alifariki 2008, saratani. Sasa miaka ya mwisho Cornell alikuwa anafanya zile ziara za mtu mmoja na gitaa, hana bendi. Ikifika zamu ya When I'm Down anaacha gitaa, anaenda kwenye gramafoni iliyopo hapo jukwaani, anaweka santuri yenye kinanda cha Natasha peke yake, halafu anaimba juu yake. Video zipo mtandaoni, watazame. Rafiki yako hayupo na bado unamwachia zamu yake ya kupiga. Mimi nikiona ile siwezi tena kujadili kama albamu ina nyimbo nyingi za pole pole au chache.

chalii_wa_singeli

Wakuu nyie mnateseka, roki yenyewe ya kulialia hii? Njooni singeli, dakika mbili ushatoka jasho umesahau shida zote.

mzee_wa_kaseti

@chalii_wa_singeli hujakosea uzi kweli? Kaa tu, utakunywa chai na sisi.

@besi_ya_rongai kwenye Disappearing One tutagombana siku nyingine. Ila kuhusu redio, usiilaumu albamu peke yake, tazama ilitoka lini. Septemba 21, 1999. Majira hayo Marekani roki iliyokuwa inauza ni ya kina Korn na Limp Bizkit, kofia nyuma, mchanganyiko wa rap na gitaa zito, Significant Other ilikuwa imeingia namba moja miezi michache nyuma. Na siku hiyohiyo ya Septemba 21 ikaingia madukani The Fragile ya Nine Inch Nails, ambayo nayo ilienda moja kwa moja namba moja. Ya Cornell ikafika namba 18 ya Billboard, chati ya mauzo ya Marekani. Halafu lebo yake A&M ndo ilikuwa imemezwa mwaka huohuo baada ya Universal kuinunua PolyGram, ofisi zikafungwa, jina likawekwa chini ya Interscope. Msanii anatoka kwenye nyumba inayohamishwa vyombo, nani atashughulika kumpigia debe?

Na bado Can't Change Me ikapata uteuzi wa Grammy, ile ya mwanaume aliyeimba roki vizuri, 2000, akashindwa na Lenny Kravitz aliyeimba American Woman, ambayo hata sio wimbo wake Kravitz, ni wa The Guess Who wa Kanada. Mimi hapo huwa sina la kusema.

besi_ya_rongai

Hehe hiyo ya Kravitz nakupea. Lakini namba 18 kwa mtu ambaye bendi yake iliingia namba moja na Superunknown 1994 ni kushuka, tuite kwa jina lake. Na fans wa wakati huo walisema kile kile anachosema huyu wa Njiro. Sio lazima iwe hawakuelewa, pengine walielewa wakaamua hapana.

kijana_wa_njiro

Asanteni sana wakuu, na dada wa kwaya shikamoo kabisa. Hiyo ya gramafoni nimeitafuta nimeiona, sina cha kubisha pale. When I'm Down nimeirudia na sasa naisikia tofauti, hasa pale sauti inapochelewa kuingia juu ya kinanda. Ila sitadanganya, Moonchild bado inanipita kama upepo, hapo nipo na msee wa Rongai.

Swali lingine dogo, Wave Goodbye kaimba kuhusu nani? Kuna mahali anapandisha sauti kwa namna ambayo sio yake, kama anamuigiza mtu.

alto_wa_kwaya

Marahaba kaka. Una masikio kumbe! Ni Jeff Buckley, muimbaji. Walikuwa marafiki. Buckley alizama mtoni Memphis Mei 1997, wiki saba tu baada ya Soundgarden kuvunjika, ana miaka 30. Wave Goodbye ni wa kwake, na ndio, Cornell anaimba ki-Buckley kabisa, ile sauti nyembamba ya juu na kitetemeshi.

Huyu kaka kuzika marafiki kwa wimbo hakuanzia hapo. Andrew Wood, muimbaji wa bendi ya Mother Love Bone, aliyekuwa anaishi naye nyumba moja Seattle, alifariki 1990 kwa heroini, na Cornell akaandika nyimbo zake za msiba, ndo ikazaliwa Temple of the Dog 1991, wale wenzake Wood waliobaki ndo wakaenda kuanzisha Pearl Jam. Hunger Strike mnaijua wote, ila Say Hello 2 Heaven ndo ya msiba wenyewe. Sasa ukisikiliza ile halafu uje Wave Goodbye utaona mtu amekua. Ya 1991 analia kwa nguvu, anapasua, kila kitu kiko nje. Ya 1999 imepungua kelele na inauma zaidi, angalau kwangu mimi. Wengine wataniambia ile ya kwanza ndo kali, sawa, sitagombana na mtu kwa ajili ya misiba ya watu.

mswahili_wa_kent

Nimepita nimekuta mjadala mtamu. Mimi naishi Kent, kusini kidogo ya Seattle, kazi yangu naendesha gari la mizigo kwahiyo muziki ndo mwenzangu.

Kwa mashabiki tu, mkija huku kuna sanamu la Cornell mbele ya lile jumba la makumbusho ya muziki, MoPOP, chini ya mnara wa Space Needle, liliwekwa 2018, kashika gitaa mkono mmoja kaunyoosha juu. Watu huacha maua. Na lile jina Soundgarden limetoka kwenye kazi ya sanaa iliyopo ufukweni mwa ziwa Washington karibu na bustani ya Magnuson, ni nguzo za chuma zenye mabomba, upepo ukivuma zinatoa sauti. Nilienda siku haina upepo, sikusikia kitu, nikala sandwichi nikarudi zangu.

Kuhusu albamu, kitu kimoja ambacho hamjakitaja. Flutter Girl ni wimbo wa zamani, ulikuwepo hata kabla ya Superunknown na haukuingia humo. Na Mission ilifanyiwa ukarabati ikaingia kwenye filamu ya Mission: Impossible 2 kwa jina la Mission 2000. Kwahiyo usiichukulie albamu kama kitu kilichoanguka kutoka mbinguni 1999, vingine vilikuwa kwenye droo. Na kwenye drams kuna Matt Cameron wa Soundgarden humohumo pamoja na Josh Freese, mtu wa kazi, kapiga na nusu ya Marekani. Kwahiyo kijana wa Njiro ukiskia kimguu cha drams kinachokukumbusha nyumbani usishangae.

Mimi ningependa angetoa ya pili palepale. Alizunguka nayo na kina Johannes na Natasha kwenye jukwaa mpaka 2000, kundi lilikuwa limeshaiva. Halafu Zack de la Rocha akaondoka bendi ya Rage Against the Machine Oktoba 2000, wale watatu wakabaki hawana muimbaji, prodyuza Rick Rubin akawaambia mtafuteni Cornell, ikawa Audioslave. Siilaumu Audioslave, Like a Stone imenilipia masafa mengi barabarani. Ila solo nyingine ilikuja kuonekana 2007, na ile njia ya Euphoria hakuna aliyeifuata tena.

kijana_wa_njiro

Flutter Girl! Ndo maana ile ilinishika haraka. Haya sasa nimalizieni, niende ipi? Carry On, Scream au Higher Truth? Nina bando la usiku tu.

besi_ya_rongai

Carry On kaiprodyuzi Steve Lillywhite, safi sana mpaka imekuwa safi kupita kiasi, lakini kuna You Know My Name ya James Bond ndani, na kuna ile Billie Jean ameishusha mwendo mpaka unasahau ni ya kucheza. Hizo mbili chukua.

Scream achana nayo. Prodyuza ni Timbaland wa hip hop, 2009, midundo ya kilabu na Cornell juu yake kama mgeni aliyekosea harusi. Trent Reznor wa Nine Inch Nails alimcheka hadharani kwenye Twitter. Na kejeli ya dunia ni kwamba ilifika namba 10 Billboard, juu ya Euphoria, halafu 2014 Soundgarden na Nine Inch Nails wakazunguka pamoja ziara moja kama hakuna kilichotokea.

mzee_wa_kaseti

Mimi namtetea kidogo kwenye Scream, angalau alijaribu kitu chenye hatari, ila siwezi kukwambia utumie bando lako kwa hilo.

Nenda Higher Truth ya 2015. Brendan O'Brien ndo prodyuza, gitaa la mbao limetawala, na ndo inayokaribiana zaidi na Euphoria kwa utulivu ingawa haina zile kodi za Johannes. Anza na Nearly Forgot My Broken Heart. Kabla ya hapo lakini, kama hujaisikia, shusha Seasons aliyoitaja ndugu yetu wa Rongai, nyuzi zote sita zimefungwa kwa F na C tu, utajaribu kuipiga kwa gitaa la kawaida utachanganyikiwa.

alto_wa_kwaya

Na Songbook ya 2011 msiisahau, ni ya jukwaani, yeye na gitaa lake. Can't Change Me imo, humo haina bendi nyuma. Kaka sikiliza hiyo kisha uje utuambie kama bado unataka mabati yapasuke.

chalii_wa_singeli

Nimeisikiliza hiyo When I'm Down kwa sababu yenu. Sio mbaya. Mnisamehe lakini ingeongezewa spidi.